Ukali wa Jicho: Sanduku la Visu 61 la Mnoaji wa Nakuru

Mama, mjane wa mnoaji wa visu wa Nakuru, alinipigia simu Jumamosi moja ya Februari 2024 akiwa amekwisha kukubaliana bei ya sanduku la visu la marehemu na mtu mwingine. Shilingi 18,000, sanduku na vyote vilivyomo. Mnunuzi angekuja Jumatatu na pikipiki kulibeba. Bei haikumtia shaka. Alitaka kujua tu kama sanduku lenyewe, la mbao za mvule na bawaba za shaba, lingeweza kubaki nyumbani. "Mwanangu, visu avichukue. Lakini sanduku mzee alilitengeneza kwa mikono yake."

Nikamwomba asitoe kitu mpaka nifike.

Nilifika Jumapili baada ya ibada. Nyumba iko upande wa Bahati. Sanduku lilikuwa juu ya meza ya sebuleni, kifuniko wazi. Ndani, visu vilikuwa vimefungwa viwili viwili kwa vipande vya blanketi la kijivu vilivyolowa mafuta ya cherehani, vikapangwa tabaka juu ya tabaka kama samaki kwenye kikapu. Tabaka la juu lilikuwa la visu vya jikoni, vingine vimeliwa na jiwe hadi vikabaki vyembamba kama msumari. Yule aliyetaja 18,000 aliona tabaka hilo, akainua vitambaa viwili vitatu, akasema ni visu vya kukatia kachumbari, akataja bei. Hakufungua kisu hata kimoja cha kukunja. Hayo niliyasikia kwa mjukuu, kijana wa kidato cha nne aliyekuwapo siku ile, nayo yalinitia mashaka kuliko bei yenyewe. Mtu anayenunua kisu bila kukifungua ama hajui visu, ama anavijua sana na hataki uone macho yake yanatua wapi.

Marehemu mzee alikuwa mnoaji. Kwa zaidi ya miaka arobaini alizunguka Nakuru na baiskeli yenye jiwe la kunolea mbele ya tandiko: anaisimamisha kwa stendi, anakanyaga pedali, mkanda unazungusha jiwe. Wakazi wa zamani wa Milimani na wenye bucha za karibu na soko wanamkumbuka. Alhamisi alikwenda hadi Njoro. Miaka ya 1960 walowezi walipokuwa wakiuza mashamba na kuondoka, kulikuwa na vitu vingi ambavyo havikuingia kwenye masanduku ya safari, na mteja aliyekosa shilingi alilipa kwa kitu. Mzee alipenda kulipwa kwa visu. Vile vya kazi alivinoa na kuvitumia. Vile vya kukunja alivyoviweka kwenye sanduku hakuvigusa kwa jiwe hata mara moja, na hilo ndilo lililookoa fedha za mjane wake. Mnoaji aliyeujua uharibifu wa jiwe kuliko mtu yeyote alijua pia cha kukiepusha nalo.

Kabla sijagusa kisu, nilimweleza Mama jambo moja. Mimi kazi yangu ni kununua na kuuza zana kuukuu: randa, misumeno, pasi za makaa, cherehani za kukanyaga. Kwa hiyo nisingeweza kuwa mtu wa kumwambia visu vina thamani gani na papo hapo niwe mtu wa kuvinunua. Anayepima akiwa ndiye anayenunua, mizani huegemea upande wake hata akiwa mcha Mungu. Nikampa achague: ninunue, naye atafute mtu mwingine wa kupima, au nipime na kumuuzia kwa kamisheni ya asilimia kumi, nami nisinunue hata kijiko. Akachagua la pili. Tukaliandika kwenye karatasi, mjukuu akatia sahihi kama shahidi. Naona hatua hiyo ilikuwa muhimu kuliko yote niliyofanya baadaye, na watu wengi huiruka kwa kuona haya.

Tukahesabu. Visu 61. Tukatandika shuka sakafuni na kuvigawa kwa mafungu, na kugawa huko kulichukua saa tano, maana kila kimoja kilipaswa kufunguliwa, kusomwa chapa na kuandikwa. Vya kawaida, yaani vya mezani na vya jikoni vilivyochakaa pamoja na vya kukunja vya bei rahisi, vilikuwa 34. Vya kazi vilivyo vizima, vya bucha na vya kuminofua samaki, 9. Vya kukunja ambavyo mkusanyaji angevitaka, 13. Simi mbili na khukuri moja, kisu kikubwa kilichopinda cha Kinepali. Na viwili vyenye mipini myeupe ambavyo niliviweka pembeni bila kusema neno, kwa sababu nitakazozieleza.

Fungu la 34 halina hadithi. Mchuuzi wa vyombo alilichukua lote kwa 3,100 na nikashukuru. Ninalitaja kwa sababu moja: kwa idadi lilikuwa zaidi ya nusu ya sanduku, na kwa fedha halikufika hata sehemu ya ishirini. Anayekuuzia au kukununulia kwa kuhesabu vichwa anahesabu kitu kisicho na maana.

Fungu la 13 ndilo la kukaa nalo.

Kisu cha kwanza nilichokifungua kilikuwa kidogo, urefu wa kidole cha kati, mpini wenye magamba ya kahawia, mabapa matatu. Mama alikuwa amekiweka karibu na takataka. Alisema kina rangi ya uchafu. Nilipovuta bapa kubwa kwa ukucha liliinuka kwa uzito mmoja tangu mwanzo, likafika mwisho na kupiga mlio mkavu, tak. Mlio huo ndio unaotafutwa. Unamaanisha springi ya mgongoni ingali na nguvu. Nililitikisa upande kwa upande, halikucheza. Kisha nikalifunga na kutazama ncha: imezama ndani ya mpini, haichungulii. Bapa lililonolewa sana au lililovunjika ncha na kuchongwa upya mara nyingi huinua ncha yake juu ya mpini kisu kikiwa kimefungwa, na hapo nusu ya bei imekwisha kwenda.

Karibu na mahali bapa linapoingia kwenye mpini, chini ya ile rangi ya kijivu, palikuwa na nyota na msalaba wa Malta, kisha jina Joseph Rodgers & Sons, Sheffield, na juu yake taji katikati ya herufi G na R. Nyota na msalaba ndiyo alama ya kampuni hiyo. Herufi ni za mfalme aliyekuwa akitawala Uingereza: kisu cha enzi ya Victoria, aliyefariki 1901, huwa na V R, cha Edward aliyemfuata, E R, G R humweka kisu kati ya 1910 na 1952, kwa George wa Tano au wa Sita. Bapa halikuandikwa kwamba halishiki kutu. Harry Brearley alitengeneza chuma cha namna hiyo huko Sheffield mwaka 1913, na kikachukua muda kuenea kwenye visu vya mfukoni. Basi hapa tulikuwa na chuma cha kaboni, na ile rangi ya kijivu iliyoelekea buluu haikuwa uchafu. Ni ngozi ambayo chuma hicho hujivika kwa miaka, nayo humwambia mnunuzi kwamba hakuna aliyepita na msasa.

Hapo ndipo mjukuu alipoinamisha kichwa. Wiki moja kabla, baada ya kusikia kwamba visu vinauzwa, alikuwa amechukua vitano na kuving'arisha kwa msasa na sufi ya chuma ili vipendeze. Alifanya kwa mapenzi, mchana kutwa, na vikang'aa kweli. Vinne vilikuwa vya jikoni, havikupoteza kitu. Cha tano kilikuwa cha kukunja chenye alama ya I*XL, ya George Wostenholm wa Sheffield, bapa moja kubwa. Msasa ulikuwa umekula kingo za maandishi hadi herufi zikabaki kama mwandiko wa mvua kwenye vumbi. Tulikiuza 3,500. Kwa hali ya wenzake sandukuni, nisingekiachia chini ya 9,000. Nilimwambia kijana ukweli huo mbele ya bibi yake kwa sauti ya kawaida, kisha nikamwonyesha kinachofaa: kitambaa laini, tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio, kufuta kutu nyekundu tu pale inapotoka kwa kitambaa chenye mafuta, basi. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa akivifuta vyote, na sikumwona akibonyeza hata mara moja.

Kisu cha Kimarekani cha Case kilitupa tarehe kamili. Chini ya chapa yake palikuwa na nukta kumi. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1970 kwa kuweka nukta kumi, kisha ikaondoa moja kila mwaka hadi 1979 ikabaki moja. Nukta kumi basi ni 1970. Kisu cha jeshi la Uingereza chenye msumari mnene wa kufungulia mafundo ya kamba kilikuwa na alama ya mshale mpana, ya mali ya serikali yao, na 1943 imegongwa waziwazi. Vingine vilijitaja kwa nchi: palipoandikwa W. Germany pamoja na Solingen, mji wa Ujerumani wa watengeneza visu, unajua ni kati ya 1949 na 1990, maana kabla na baada ya hapo Ujerumani haikuwa nchi mbili. Haya yote yanasomeka kwa kioo cha kukuzia cha shilingi mia mbili. Wahenga walisema ukali wa jicho washinda wembe, na kwa mwenye kuuza visu usemi huo ni wa kushikwa kama ulivyo.

Sasa ile mipini miwili myeupe.

Nilianza na mwisho wa mpini, pale unapokatwa, kwa sababu upande hausemi mengi. Mfupa una vitundu na vijistari vyeusi, njia za damu za mnyama aliye hai. Plastiki ya zamani iliyotengenezwa kuiga pembe ina mistari iliyonyooka sambamba, mizuri kupita kiasi. Pembe ya ndovu ina mistari inayokingamana kama wavu, na hakuna kitu cha kuiga kilichofanikiwa kuitoa sawasawa. Mpini wa kwanza ulikuwa plastiki. Tuliuza kisu hicho 900. Wa pili ulikuwa na wavu.

Watu watatu tofauti walimwambia Mama auze kimyakimya, kwamba ni kitu cha kale, ni kidogo, nani ataona. Mimi nilimwambia hakiuzwi. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inafanya kosa kumiliki au kuuza kitu kilichotengenezwa kwa sehemu ya mnyama wa porini bila kibali, na udogo wa kitu si utetezi. Vilevile kuna jambo lililo juu ya sheria. Nchi hii iliteketeza tani 12 za pembe mwaka 1989, Rais Moi akiwasha moto kwa mkono wake, na tani 105 mwaka 2016, ili dunia ijue kwamba pembe iliyo nje ya kichwa cha ndovu haina bei kwetu. Siwezi kuishi hapa, nikiliona Ziwa Nakuru na mbuga yake kutoka barabarani, halafu niweke bei juu ya kitu hicho. Mama alikwenda na barua ya chifu akakisalimisha kwa Huduma ya Wanyamapori, wakakiandika. Kwenye hesabu yetu kiko, mbele yake sifuri. Kama una kisu cha babu chenye mpini wa pembe, jino la kiboko au la ngiri, ulizia kabla hujapiga hata picha ya kutangaza.

Kisu kingine kimoja hakikuuzwa: cha Kijerumani ambacho bapa lake huruka lenyewe kwa kubonyeza kitufe. Mteja aliyekitaka alikuwa Mwingereza anayerudi kwao, na kwao kuuza au kuingiza kisu cha namna hiyo kumekatazwa tangu sheria ya 1959. Nisingemtuma mtu uwanja wa ndege na kesi mfukoni. Kimebaki sandukuni. Ndiyo maana katika hesabu ya mwisho ya fungu la 13 utaona 12.

Mpaka hapo nilidhani nimeona kila kilichokuwamo. Wiki ya pili Mama alinipigia simu kuuliza kama daftari la mzee lina kazi. Daftari lipi? Lilikuwa chini ya godoro, la jalada jeusi, kurasa zimeng'olewa nyuma kwa kuwashia moto. Ndani, kwa penseli, mzee alikuwa ameandika kila kisu alicholipwa: mahali, mwaka, mwenyewe alikuwa nani, na deni lilikuwa shilingi ngapi. "Njoro, 1964, bwana wa ng'ombe, bapa tatu, badala ya sh. 4." Ndicho kile cha Rodgers. "Molo, 1972, mwalimu Mmarekani" ndicho cha Case. Na kweli vijana wa Peace Corps, wale wajitoleaji wa Kimarekani, walianza kufika Kenya 1964, wengi wakifundisha shule za mashambani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ilikuwa nusura ipotee na daftari lake.

Daftari hupandisha bei, lakini kwa kiasi. Halibadilishi kisu kibovu. Linachofanya ni kumwondolea mnunuzi hofu mbili: kwamba kisu kimeibwa, na kwamba kimeunganishwa kutoka vipande vya visu viwili. Tena daftari nalo lapaswa kupimwa. Khukuri iliandikwa "askari wa KAR, ya Burma", yaani King's African Rifles, jeshi la wakati wa ukoloni, na askari wa Afrika Mashariki kweli walipigana Burma mwaka 1944. Lakini bapa lilikuwa limegongwa INDIA na mpini una kichwa cha simba cha shaba. Ni aina iliyotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya kuuziwa wageni. Askari anaweza kuwa aliinunua njiani akirudi. Haikuwa ya vita. Nilimwambia mnunuzi hivyo hivyo kabla hajauliza, tukaiuza 3,500. Simi mbili zenye ala za ngozi nyekundu zilitoa 6,000, nazo zilistahili. Bapa la moja lilichongwa kutoka tupa kuukuu, meno ya tupa bado yanaonekana karibu na mpini.

Bei tuliipataje? Watu hufungua simu, wanaona kisu kama chao kimewekwa kwa dola 300, wanalala na 300 hiyo kichwani. Bei iliyoandikwa ni tamaa ya muuzaji. Nilitafuta bei zilizolipwa tayari, za kisu hichohicho kwa hali hiyohiyo, nikatoa gharama ya kutuma na hatari ya kupotea, kisha nikapunguza tena, kwa sababu mkusanyaji wa Nairobi ana wenzake wachache na anajua hivyo. Kwa kila kisu niliandika namba mbili: bei ya kutaja na bei ya chini kabisa. Ya pili Mama aliijua, nami niliijua, na hakuna mwingine. Siku ya kuuza mtu huchoka, anasikia huruma, anasikia njaa. Namba iliyoandikwa akiwa ametulia humshikilia.

Mnunuzi mkubwa alikuja kutoka Nairobi mwezi wa tatu, mtu mzima, mpole, mwenye kioo chake mwenyewe. Alifungua kila kisu. Nilifurahi kumwona akifanya hivyo. Baada ya saa nzima akasema, "Nitachukua vyote 12 kwa 45,000, umalize kazi." Kwa jumla ya bei zetu za chini, 12 vilikuwa 60,000. Nikamjibu kwamba akichukua vyote nitamshushia hadi 58,000. Akasogeza vitano pembeni: Rodgers, Case, cha jeshi na viwili vya Solingen. "Basi hivi vitano, kwa bei ya jumla."

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapopotea, maana inasikika kama haki. Punguzo la jumla ni malipo ya kumwondolea muuzaji vile vinavyokwenda polepole. Anayechota mafuta ya juu ya maziwa na kuacha maji hajamwondolea mtu kitu. Amemwachia mzigo usio na kivutio. Nikamwambia, "Mzee, ukichagua, utalipa moja moja. Ukibeba vyote, nitashusha." Hakukasirika. Tulikunywa chai, Mama akaleta viazi vitamu. Mwishowe alichagua vinane kwa bei ya moja moja. Kwa Rodgers akalipa 14,000, kwa Case 9,500, kwa cha jeshi 5,500. Vinne vilivyobaki vilikwenda kwa watu wanne tofauti katika miezi miwili iliyofuata. Jumla ya 12 ikawa 68,400, yaani 10,400 juu ya ile bei ya kubeba vyote niliyokuwa tayari kuipokea. Siwezi kusema nilijua hivyo mapema.

Kijana mmoja aliyetaka kimojawapo cha vile vinne alituma ujumbe wa M-Pesa wa uongo, herufi zimepangwa vizuri, jina limo, namba ya muamala imo. Mama mwenyewe ndiye aliyeniambia nisitoe kisu: alikuwa ameangalia salio na halikuongezeka. Kijana yule alisema mtandao uko chini, akaondoka kuuangalia nje, hakurudi. Kisu kilipata mtu mwingine wiki iliyofuata.

Visu vya kazi nilivipenda kwa namna nyingine. Mkusanyaji havitaki, na kwa sababu hiyo watu huvitupa kwenye fungu la kawaida. Lakini mwenye bucha anajua kisu cha chuma kizuri kinachoshika makali mchana kutwa, na hawezi kukipata dukani kwa bei hiyo. Saba viliuzwa hapa Nakuru kwa bucha na jikoni za hoteli, 6,700. Viwili vyembamba vya kuminofua samaki nilivipeleka Kisumu, kwa mama mmoja wa Dunga anayetoa minofu ya mbuta. Alikipinda cha kwanza taratibu kwa kidole gumba, akakiachia, akaangalia kama kimerudi kunyooka. Akachukua samaki, akapita nacho kutoka kichwani hadi mkiani kwa mkono mmoja, mfupa ukabaki mweupe. Akalipa 1,200 kila kimoja bila kuniuliza chapa ni ipi. Kwenye basi nilivisafirisha vimefungwa kwa kadibodi na utepe ndani ya kisanduku chenye kufuli, nikamwambia karani wa mizigo kilichomo, na orodha nikawa nayo mfukoni.

Kosa langu mimi lilikuwa kwenye kile cha Buck 110, cha kukunja chenye ncha za shaba mpinini. Aliyepiga simu kwanza alitaja 6,000, bei yetu ya kutaja, nikampa siku hiyohiyo. Niliposoma picha zangu baadaye niliona hakina ile alama ndogo ya mwaka ambayo kampuni hiyo ilianza kuiweka 1986. Ni cha zamani kuliko nilivyodhani, na chapa yake nilipaswa kuisoma chini ya kioo kama vingine. Nilimweleza Mama. Alinyamaza kidogo akasema, "Umeandika?" Nikasema nimeandika. Nikampunguzia kamisheni yangu ya kisu hicho, 600.

Hesabu ilisimama hivi: vya kawaida 3,100, vya kazi 9,100, vya wakusanyaji 68,400, simi na khukuri 9,500, cha plastiki 900. Jumla 91,000. Nauli, simu na vifungashio 6,200. Kamisheni 9,100, tukatoa 600, ikawa 8,500. Mama alipokea 76,300 katika miezi minne.

Je, yule wa 18,000 alikuwa mwizi? Nimelifikiria sana na sitamwita hivyo. Anayenunua sanduku zima kwa fedha taslimu anabeba fungu la 34 lisilotembea, nauli, miezi minne ya kungoja, na hatari ya kudanganywa. Mfanyabiashara akilipa karibu nusu ya anachotarajia kuuzia, amenunua kwa haki. Angetaja 38,000 au 40,000 ningemshauri Mama achukue, hasa kama fedha za kununua tangi la maji zingehitajika kabla ya mvua. Lakini alitaja bei kwa kutazama tabaka la juu na nyumba ya mjane, na nyumba si sehemu ya kisu. Watu husema kizuri chajiuza. Kile cha Rodgers kilikaa sandukuni miaka sitini, na mtu wa kwanza aliyepewa nafasi ya kukiona hakukifungua.

Mwezi wa saba mnunuzi wa Nairobi alipiga simu tena. Safari hii alitaka daftari, akataja 10,000. Nilikuwa nimempa picha za kurasa zinazohusu visu vyake vinane, na alitaka lenyewe. Nikamfikishia Mama maneno hayo kama yalivyo, bila kuongeza. Alikuwa uani, tangi jipya nyuma yake, anachambua maharagwe. Akamwita mjukuu alilete daftari, akalifungua ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Pale palikuwa na mwaka 1998, jina la mtaa wa Shabab, kisu cha mkate, na deni la shilingi 30 ambalo halikufutwa kwa mstari.

"Huyu hajalipa," akasema. "Mwambie bado linatumika."